Mbona hamjamtundikia dripu?

Swali hili nimeulizwa na akina mama, akina baba, mabibi na wajomba, kwa upole na kwa ukali, mchana na usiku wa manane. Mtoto kalazwa, ana homa kali, anahema kwa taabu, na mzazi akitazama juu ya kitanda haoni chupa inayoning'inia. Kwake yeye chupa ndiyo matibabu yenyewe. Huku kwetu Tanga mtu akitoka kumwona mgonjwa, nyumbani wanamuuliza kwanza: "Wamemtundikia dripu?" Akijibu ndiyo, roho zinatulia. Akijibu hapana, hakosekani wa kusema hospitali ile haina kitu, mhamisheni.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita wodi ya watoto, na sasa nafundisha wauguzi wanafunzi. Juzi mmoja wao alinifuata baada ya kipindi, kashika vitabu viwili. "Madam, hiki kinasema mtoto mwenye mshtuko apewe maji mengi haraka, na hiki kinasema taratibu. Tufuate kipi?" Mshtuko kwa lugha yetu ya wodini ni damu kuacha kuzunguka vizuri mwilini. Nikaona niandike kwa kirefu, maana jibu la mwanafunzi huyu na jibu la yule mzazi ni moja, na halikutoka mbali. Lilipatikana hapa jirani, Muheza, pamoja na Kilifi kule Kenya na hospitali nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Lakini huwa sianzi na maji. Wanafunzi huwa nawaanzishia na hadubini.

Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani huku huku. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa makini kwa hadubini, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wanaumwa kitu kingine. Na sasa sikia linaloumiza: kati ya waliokuwa na malaria kweli, walikufa asilimia 6.9, kati ya wale ambao hawakuwa nayo, walikufa asilimia 12.1. Karibu mmoja kati ya kila watatu wa kundi hili la pili hakuandikiwa antibiotiki yoyote. Tuliokuwa wodini miaka ile tunajua ilivyokuwa. Homa ni malaria, degedege ni malaria, mtoto kuishiwa damu ni malaria. Daktari alitibu kile ambacho kila mtu, kuanzia bibi wa mtoto hadi yeye mwenyewe, alikuwa na hakika nacho, na homa ya mapafu au bakteria kwenye damu wakapata nafasi ya kumaliza kazi yao.

Hakika ya namna hiyo haiondolewi kwa hoja. Inaondolewa kwa kuhesabu. Leo nesi wa zahanati akichoma kidole cha mtoto na kusubiri mstari kwenye kipimo cha haraka kabla ya kuandika dawa, nyuma yake kuna tafiti kama ile. Mzazi akikasirika kwamba kipimo kimesema hakuna malaria, namwambia: mshukuru, maana sasa tunalazimika kumtafuta adui wa kweli.

Halafu ikaja zamu ya kwinini. Wa rika langu wanaikumbuka. Iliingia kwa dripu ya saa 4, kisha mapumziko, kisha dripu nyingine, kila baada ya saa 8. Masikio yanavuma, sukari inashuka, na usiku muuguzi mmoja mwenye watoto wengi anazunguka kuhesabu matone ya kila chupa kwa mwanga hafifu, maana kwinini ikikimbia moyo unaweza kusimama. Kati ya mwaka 2005 na 2010, hospitali 11 katika nchi 9 za Afrika zililinganisha kwinini na sindano ya artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Tanzania ilishiriki kupitia Muheza na Korogwe. Watoto walikuwa 5,425. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Kwa maneno mengine, kila watoto kama 40 hivi wakipewa artesunate badala ya kwinini, mmoja zaidi anarudi nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa watoto.

Na wazazi? Wengi walidhani tumepunguza matibabu. Chupa imeondoka, imebaki sindano ndogo: ya kwanza akifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ikitimia saa 24, kisha moja kwa siku. Kwa macho, kwinini ilionekana dawa kubwa. Kwa hesabu, ilikuwa inatuachia makaburi ambayo yangeweza kuepukwa.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo penye kiini.

Mtoto mwenye maambukizi makali damu yake huacha kuzunguka vizuri. Hili halihitaji mashine kulijua. Unampapasa mguu kwa kiganja, kutoka gotini kushuka hadi wayo, na kama kuna mahali joto linakatika ghafla, juu moto chini baridi kama sakafu, hiyo ni dalili. Unabonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, unaachia, unahesabu. Damu ikirudi mara moja, vizuri. Ukifika sekunde 3 na ukucha bado mweupe, moyo wako nao unaanza kwenda mbio. Unatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono na unayapata kwa shida, membamba, ya haraka. Huo ndio mshtuko. Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa mpe maji ya chumvi kwenye mshipa, mengi na kwa haraka. Mtoto wa kilo 10 anapewa mililita 200 ndani ya dakika chache, zaidi ya nusu ya chupa ya soda, na asipopata nafuu anaongezewa nyingine kama hizo.

Huku kwetu hatukuwa tukifanya hivyo kwa wengi. Miongozo ilitaka maji ya haraka kwa mtoto mwenye mshtuko uliofika mbali tu, na wengine walipata maji ya kawaida, taratibu, mililita chache kwa kila kilo kwa saa. Ukiwasikiliza madaktari wa wakati ule, wengi walikuwa na uchungu wa haki: kwa nini mtoto wa London apewe na mtoto wa Mbale anyimwe? Utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pamoja na wataalamu wa hapa akiwemo Profesa Sarah Kiguli wa Makerere, ulianza Januari 2009 kujibu swali hilo. Wengi waliamini maji ya haraka yangeshinda. Kilichobaki, walidhani, ni kujua kama maji ya chumvi yanatosha au inafaa albumini, maji yenye protini itokanayo na damu, ambayo ni ghali sana.

Watoto waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipata albumini kwa haraka, wa pili maji ya chumvi kwa haraka, wa tatu hawakupewa maji ya haraka, ila maji ya kawaida taratibu. Aliyechagua kundi hakuwa daktari wala mzazi. Zilikuwepo bahasha zilizofungwa, zisizoonyesha kilichomo, zenye namba za kufuatana. Mtoto akiingia, inafunguliwa inayofuata. Wanafunzi wangu huona hili kama ukatili wa bahati nasibu. Mimi nawaambia ni uadilifu. Daktari akiachiwa achague, atampa aliye hoi zaidi kile anachokiamini, na mwisho wa siku hutajua kama kilichoua ni ugonjwa au dawa. Makundi yote matatu walipata antibiotiki, dawa ya malaria, oksijeni, sukari na damu kila ilipohitajika. Tofauti ilikuwa kwenye maji tu.

Hawa hawakuwa watoto wenye kuharisha. Hawa hawakuwa wenye utapiamlo mkali wala walioungua. Naomba msomaji alishike hili, nitalirudia.

Walipangwa watoto 3,600 katika utafiti mkuu. Januari 2011, wakiwa wameingia 3,141, kamati huru ya usalama ilifungua hesabu na kusema simamisheni. Ndani ya saa 48, waliopewa albumini kwa haraka walikufa asilimia 10.6. Waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5. Ambao hawakupewa maji ya haraka, asilimia 7.3.

Soma tena. Kile ambacho dunia iliona ni huruma kiliongeza vifo 3 katika kila watoto 100. Na walipochambua vikundi vidogo vidogo, wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wadogo na wakubwa, hawakupata kundi hata moja lililofaidika.

Matokeo yakachapishwa Mei 2011. Uchambuzi uliofuata ndio unaoninyima usingizi hadi leo, na ndio ninaoufundisha polepole kuliko kitu kingine chochote. Saa moja baada ya kuanza, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu zaidi. Mshtuko ulikuwa umeondoka kwa asilimia 43 yao, dhidi ya asilimia 32 ya wale wengine. Fikiria uko zamu. Mkono uliokuwa baridi umepata joto. Ukucha unarudisha rangi. Mama anakutazama usoni, unamtikisia kichwa kwamba tunaendelea vizuri, unaandika kwenye faili, unakwenda kitanda kinachofuata. Kifo kinakuja saa kadhaa baadaye, pengine zamu nyingine, na aliyepo anasema alikuja amechelewa, ugonjwa ulikuwa umemzidi. Hakuna mtu duniani angeunganisha kifo kile na chupa ile. Wala watoto hawakuzama kwenye maji kama wengi walivyotarajia, mapafu kujaa au ubongo kuvimba. Sehemu kubwa ya vifo vilivyozidi ilikuwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka.

Muuguzi hodari kuliko wote hawezi kuona kwa macho tofauti ya watoto 3 katika 100. Wodi inapokea mahututi wachache kwa wiki, wengine wanapona, wengine wanakwenda, na kila mmoja ana sababu zake. Uzoefu ni kitu kikubwa, nami naujivunia wangu, lakini katika jambo hili uzoefu ungenidanganya, kwa sababu ungekumbuka ule mkono uliopata joto. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi nimetumia dawa hii miaka 20, inafanya kazi", swali langu ni moja: ukilinganisha na nani?

Kuna waliopinga. Walisema hospitali zile hazina mashine za kupumulia wala vyumba vya wagonjwa mahututi, hivyo majibu hayawahusu wenye navyo. Ni hoja ya haki kwa wenye navyo. Kwa wilaya zetu, ambazo hazina, utafiti huu ndio ulikuwa wetu hasa, umefanywa kwenye vitanda kama vyetu na manesi kama sisi. Kwa hiyo inaniuma kwamba kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2013, kile kinachobebwa na kila daktari wa wilaya, bado kilishauri maji ya haraka. Kiguli na wenzake waliandika katika BMJ mwaka 2014 wakiuliza data za FEAST zimekwenda wapi. Mwongozo ulibadilika mwaka 2016: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbaya asipewe maji ya haraka, mwenye dalili zote tatu apewe kiasi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, mwenye upungufu mkubwa wa damu apewe damu. Miaka mitano. Kila nikiitamka darasani sauti yangu inapanda, na sioni sababu ya kuishusha. Vile vitabu viwili vya mwanafunzi wangu ni kabla na baada ya mwaka huo.

Mwaka 2017 majibu ya watu wazima yalitoka Lusaka, Zambia. Wagonjwa 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliofuata utaratibu wa maji mengi mapema walifia hospitalini asilimia 48.1, waliotibiwa kama kawaida asilimia 33.0. Hata damu yenyewe imepimwa kwa namna hii, Uganda na Malawi, kwa watoto wenye himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita, wasio na dalili za hatari. Kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo vyao ukilinganisha na kuwafuatilia kwa karibu na kuwapa pale hali inapobadilika. Chupa ya damu iliyookolewa hapo inamfikia mama aliyejifungua anayevuja.

Na sasa lile nililosema nitarudia. Mtoto anayeharisha hadi macho yameingia ndani na ngozi ukiifinya inakaa, huyo amepoteza maji na anahitaji kurudishiwa: ORS na zinki akiweza kunywa, dripu akiwa hawezi. Asitokee mtu akasoma hapa na kumzuia mtoto wa kuharisha maji. Magonjwa mawili yanaweza kuleta mkono ule ule wa baridi, na tiba zikapishana.

Nimeulizwa mara nyingi kama si dhambi kuwafanyia utafiti watoto walio mahututi. Mtaani linasemwa waziwazi: wanatufanya panya. Hofu hii siidharau, imezaliwa na historia ya watu kutoambiwa. Lakini tuseme ukweli wote. Kumpa kila mtoto tiba ambayo haijawahi kupimwa kwa watoto kama yeye, hilo nalo ni jaribio, tena ovu, kwa sababu hakuna anayehesabu, hakuna kamati ya kusema simamisheni, na hakuna atakayejua. Katika FEAST mzazi alielezwa kwa ufupi na kuombwa kauli yake pale pale, iwapo mtoto hakuweza kusubiri kurasa za maelezo, kisha hali ikitulia anaelezwa kwa kirefu na kuombwa ridhaa ya maandishi. Kamati za maadili za nchi zote tatu zilipitisha hilo. Ukiombwa siku moja, uliza bila woga: mnalinganisha nini na nini? Nani anasimamia usalama? Nikikataa, mwanangu atatibiwa vilevile? Nikikubali leo, kesho naweza kujitoa? Mtafiti wa kweli hujibu bila kukunja uso.

Lililobaki ni deni. Niliwahi kukutana sokoni na mama ambaye mwanawe aliwahi kuingizwa kwenye utafiti mmoja wa homa, siutaji, na mtoto alipona, sasa ni kijana. Alinishika mkono mbele ya mafungu ya nyanya akaniuliza, "Hivi sista, yale majibu yalitoka?" Yalikuwa yametoka zamani, kwa Kiingereza, kwenye jarida. Hakuna aliyemrudia. Nilimweleza pale pale, kwa muda mrefu, muuza nyanya naye akasikiliza. Akauliza mwanawe alikuwa kundi lipi. Sikuwa na namna ya kumjibu hilo.

Kwa hiyo ombi langu kwa watafiti wanaokuja wilayani, wageni na wenyeji, wakiwemo wanafunzi wangu watakaofika huko: bajeti ya utafiti iwe na mkutano wa kurudisha majibu, kwa Kiswahili, kijijini na kliniki, kabla au mara tu baada ya jarida kuchapisha. Karatasi moja ukutani pale akina mama wanapopanga foleni ya kupima uzito inatosha kuanzia. Iandikwe tulichouliza, tulichokuta, na kitakachobadilika wodini. Mimi nimeshaandika ya FEAST, iko kwenye mlango wa darasa langu, na anayeitaka kwa ajili ya kituo chake aniandikie hapa chini nimtumie.